Ukungu kwenye stoo ya waini: jinsi ya kuutoa na kuhakikisha haurudi

Ukiingia stoo ukakuta ukuta una madoa meusi na lebo za chupa zimeota manyoya ya kijani, najua kinachokuja kichwani haraka haraka, ni kuchukua jiki na brashi uanze kusugua. Hiyo jiki iweke chini kwanza. Kwenye stoo ya waini inaweza kukuletea balaa kubwa kuliko ukungu wenyewe (ntaeleza huko mbele), halafu kusugua kabla hujajua maji yanatoka wapi ni kujichosha tu maana baada ya wiki chache utakuta umerudi pale pale.

Ukungu unataka vitu vitatu, unyevu, chakula na muda. Chakula hutaweza kukimaliza, mbao ni chakula, karatasi ni chakula, boksi, gundi ya lebo, hata vumbi lililokaa kwenye ukuta wa zege linautosha. Muda nao ni mfupi sana, kitu kikilowa kikakaa masaa 24 mpaka 48 bila kukauka tayari unaweza kuanza kuota. Unabaki unyevu peke yake, kwa hiyo karibu kazi yote iliyoko hapa chini ni ya kufukuzana na maji, kusafisha ni sehemu ndogo tu.

HATUA YA 1: Hakikisha ni ukungu kweli

Kuta za zege na tofali zina tabia ya kutoa unga unga mweupe, na watu wengi wanauita ukungu kumbe ni chumvi iliyokuwa ndani ya ukuta ikasukumwa nje na maji. Namna ya kujua ni rahisi, vaa glavu, dondoshea tone la maji hapo kwenye unga. Chumvi itayeyuka ipotee, ukungu hauyeyuki, unalala tu ukiwa umelowa. Ukiusaga kwenye vidole chumvi inakwaruza, ukungu unapakaa. Lakini hata ukigundua ni chumvi usishangilie sana, maana maana yake ni kwamba kuna maji yanapita kwenye huo ukuta na ukungu uko njiani.

Kuna wale watakaokwambia ukungu kwenye stoo ya waini ni dalili nzuri, watakutajia Tokaj kule Hungaria ambako kuta za mahandaki zimefunikwa na ukungu mweusi unaoitwa Zasmidium cellare na wenyewe wala hawaufuti, wanajivunia. Ni kweli upo, na unakula mvuke wa pombe unaotoka kwenye mapipa. Ila yale ni mahandaki ya mawe yenye mapipa ya waini, wewe una jipsamu, mbao na maboksi, na ulionao ukutani kwa uwezekano mkubwa sio huo.

HATUA YA 2: Pima unyevu, usikisie

Nunua kipima unyevu cha digitali, na kama unaweza nunua viwili. Kimoja kiweke katikati ya chumba, kingine kisukume nyuma ya shelfu chini kwenye kona, maana unaweza kusoma asilimia 60 katikati ya chumba ukaridhika kumbe kule nyuma hewa haitembei na ni 80.

Kabla hujakiamini kipime chenyewe. Chukua kifuniko cha chupa, weka chumvi ya mezani, dondoshea maji kidogo mpaka iwe tope zito (isielee kwenye maji), weka hicho kifuniko pamoja na kipimo kwenye mfuko wa plastiki unaofunga kabisa bila kupitisha hewa, acha kwenye chumba chenye joto la kawaida usiku kucha. Kinatakiwa kisome 75, hilo ni jambo la kifizikia halina mjadala, hewa iliyofungiwa na chumvi iliyolowa inasimama hapo. Kikisoma 70 basi kinapunguza 5, andika kwa maka pen nyuma yake na uwe unaongeza 5 kila ukisoma.

Unalenga asilimia 55 mpaka 65, na joto la nyuzi 12 mpaka 14. Ukivuka 70 kwa siku nyingi unaualika ukungu. Wapo wanaong'ang'ania 75 mpaka 80 eti kizibo kisikauke, mi naona hiyo hofu imepitiliza. Chupa ikilala, waini inagusa kizibo kwa ndani muda wote, na kile kinafasi cha hewa ndani ya chupa kimejaa unyevu tayari. Stoo ya asilimia 55 haitakuua kizibo, ya 80 itakula lebo zote.

HATUA YA 3: Tafuta maji yanaingilia wapi

Hapa ndo pa kutumia muda wako. Maji yanaingia kwa njia tatu, yanapenya ukutani au sakafuni kutoka nje, yanakuja na hewa yakageuka jasho ndani, au yanatoka kwenye vyombo vyako mwenyewe.

Kutofautisha ya kwanza na ya pili kata kipande cha nailoni ngumu inayoonyesha, ukubwa kama nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani na tepu pande zote nne kisiingize hewa kabisa, kiache siku moja au mbili. Halafu kiangalie kwa makini kabla hujakibandua. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Matone yakiwa mbele, upande wako wewe, ni hewa ya chumbani inatoa jasho kwenye ukuta wa baridi. Fanya hivyo hivyo sakafuni, na usifanye sehemu moja tu, jaribu ukuta unaotazama nje na ule wa ndani.

Kama yanatoka ndani ya ukuta dawa iko nje ya nyumba. Angalia gata zimeziba? Bomba la kushusha maji ya mvua linamwaga pale pale chini ya msingi? Ardhi imeinama kuelekea nyumbani? Inatakiwa iteremke kwenda mbali, sentimita 15 hivi kwa kila mita 3 za mwanzo. Watu wanakimbilia kupaka ndani rangi ya kuzuia maji wakati nje bomba linamwaga ndoo na ndoo kwenye msingi, hiyo rangi itachubuka tu. Nje kukiwa sawa na bado ukuta unalia ndo unaanza kufikiria kuziba nyufa na kuweka mfereji wa kukusanya maji kuzunguka msingi, na hapo tafuta fundi.

Kama ni jasho, sikiliza hii vizuri maana ndo inayowachanganya wengi. Hewa ya nyuzi 24 yenye unyevu wa asilimia 60, yaani hewa ambayo ukiwa sebuleni unaiona safi kabisa, inaanza kutoa maji ikigusa kitu chochote chenye nyuzi 16 kushuka chini. Stoo yako ina 13. Kwa hiyo ule ushauri wa "fungua mlango stoo ipate hewa" kipindi cha joto ni kumwaga maji ndani ya stoo kwa mikono yako. Unafungua mlango, hewa ya joto inaingia, inagusa chupa na ukuta wa baridi, chupa zinatoka jasho, lebo zinalowa, unafunga mlango unaenda zako umeridhika kwamba umepitisha hewa. Fungua tu kipindi ambacho nje ni baridi na pakavu kuliko ndani, vinginevyo funga. Na kama hewa ya nje ni nyuzi 28 na unyevu 70 ndo usiguse kabisa, hiyo inatoa maji kwenye kitu chochote cha nyuzi 22 kushuka.

Angalia na mlango. Zima taa za stoo, washa za nje, jifungie ndani utazame pembeni na chini ya mlango. Ukiona mwanga hewa inapita hapo, weka mpira wa kuziba kuzunguka fremu na ufagio wa mpira chini ya mlango. Kazi ya nusu saa na mara nyingi inashusha unyevu kuliko mashine uliyopanga kununua.

Njia ya tatu ni vyombo. Kama una kipoza hewa cha stoo, kile kinakusanya maji na kuyatoa kwa kabomba kadogo, na hako kabomba kakiziba kwa uteute maji yanafurika nyuma ya mashine ambako huoni. Mwaga kikombe cha maji kwenye trei yake uone kama yanatoka upande wa pili. Pia mashine kubwa kuliko chumba ni tatizo, inapoza haraka sana inazima kabla haijapata muda wa kukausha hewa, unapata chumba cha baridi na chenye majimaji. Mabomba ya maji baridi yanayopita kwenye dari nayo yanatoa jasho, yavishe sponji ya mabomba.

HATUA YA 4: Jiandae kabla ya kugusa

Kama eneo lenye ukungu halizidi mita 1 ya mraba hivi unaweza kufanya mwenyewe. Likizidi sana hapo, au ukungu uko ndani ya ukuta, au maji yaliyoingia yalikuwa ya choo, ita watu wa kazi hiyo. Na kama una pumu, aleji kali au kinga yako ya mwili iko chini usifanye wewe hata kama ni doa dogo, mwachie mwingine.

Vaa barakoa ya N95 (ile ya kitambaa haisaidii), miwani iliyoziba isiyo na matundu pembeni, glavu za mpira, na nguo utakazofua moja kwa moja. Zima kipoza hewa na feni zote, maana ukigusa ukungu mkavu unarusha mbegu zake hewani na feni itazisambaza chumba kizima. Pazia la nailoni mlangoni nalo ni zuri kama stoo inafungukia ndani ya nyumba.

Toa chupa, lakini kabla ya hapo zipige picha zote upande wa lebo, zikiwa pale pale kwenye shelfu. Lebo iliyooza inaweza kubanduka mkononi mwako ukabaki na chupa isiyo na jina. Zipeleke mahali pa baridi kidogo penye giza, siku moja mbili nje ya stoo hazitazidhuru, zisikae juani tu.

HATUA YA 5: Safisha, bila jiki

Sasa sababu ya jiki. Klorini ikikutana na mbao au karatasi inaweza kutengeneza kemikali zinaitwa klorofenoli, na ukungu ukizikuta hizo unazigeuza kuwa kitu kinaitwa TCA. Hiyo TCA ndo ile inayofanya waini inuke boksi lililolowa. Wanasayansi wa Uswisi, Hans Tanner na wenzake, ndo walioitambua mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ubaya wake ni kwamba pua ya mtu inainasa kwenye nanogramu chache tu kwa lita (nanogramu ni gramu moja ukiigawa mara bilioni). Ukipiga hesabu ya nanogramu 5 kwa lita, gramu moja inatosha kuchafua lita milioni 200. Ikishaingia kwenye mbao za stoo haitoki kirahisi, kuna nyumba kubwa za waini Ufaransa zilifikia kubomoa maghala na kujenga upya kwa sababu ya kemikali za familia hii zilizotoka kwenye dawa za mbao. Kwa hiyo jiki na dawa yoyote yenye klorini isiingie huko. Na kama utanunua mbao za shelfu uliza zimetibiwa na nini, mbao zenye dawa ya kuzuia wadudu au ukungu waachie wajenzi wa uzio.

Utatumia sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ile ya duka la dawa. Anza kwa kulowanisha doa kwa kupulizia maji ya sabuni, usisugue likiwa kavu. Futa kwa kitambaa, ukikunja upande msafi kila mara, vitambaa vilivyotumika viingie kwenye mfuko na ufungwe humo humo stoo kabla ya kutoka. Halafu pulizia peroksaidi, iache dakika 10, futa tena, kisha kausha. Kukausha ndo muhimu kuliko kupulizia, na sasa unaweza kuwasha feni. Ukimaliza pitisha mashine ya kuvuta vumbi yenye filta ya HEPA (ile inayonasa hata chembe ndogo sana), kama haina HEPA usiitumie kabisa maana itavuta mbegu mbele na kuzirusha nyuma.

Usichanganye dawa, hata zile "za asili". Peroksaidi na siki kwenye chupa moja vinatengeneza asidi kali inayowasha macho na mapafu. Siki peke yake inafanya kazi kiasi lakini mi siipendi kwenye stoo kwa sababu ya harufu. Mashine za ozoni nazo achana nazo, kwa kiwango ambacho ni salama kwako haziui ukungu vya kutosha, na kwa kiwango kinachoua sio salama kwako.

Vitu vingine havisafishiki. Maboksi yenye ukungu, tupa. Sufi ya insulesheni (ile ya kuzuia joto ndani ya ukuta) iliyolowa, tupa. Jipsamu iliyoota ukungu mpaka ndani, kata na uvuke doa kama sentimita 30 kila upande, nyuma yake utakuta hali mbaya kuliko mbele. Kupaka rangi juu ya ukungu ni kuufunika shuka, utachungulia tena ukiwa na hasira zaidi. Mbao za shelfu zikiwa ngumu na ukungu uko juu juu zinapona kwa sabuni na peroksaidi, ila kama unataka kupiga msasa kafanyie nje, tena baada ya kuosha.

Filta na mapezi ya kipoza hewa vioshe pia kabla hujakiwasha, la sivyo kitapuliza ukungu juu ya kazi yako yote.

HATUA YA 6: Chupa zenyewe

Kwanza pumua, ukungu nje ya chupa haumaanishi waini imeharibika. Hata ule mweusi unaokutana nao chini ya foili juu ya kizibo ni kawaida kwa chupa zilizokaa sana sehemu yenye unyevu.

Kioo futa kwa kitambaa chenye maji kidogo ya sabuni au spiriti ya asilimia 70, ukiizunguka lebo. Spiriti inayeyusha wino, isiguse karatasi, na inashika moto kwa hiyo usifanye karibu na jiko wala mshumaa. Lebo yenyewe iache ikauke kabisa kwanza, kisha ukiwa nje uisugue taratibu sana kwa brashi laini. Karatasi iliyolowa ukiisugua inatoka vipande vipande. Doa litabaki, kubali. Wapo wanaozungushia lebo nailoni ya kufunikia chakula na inasaidia kweli, ila ifanye lebo ikiwa kavu kabisa, ukifungia unyevu ndani umeutengenezea ukungu nyumba.

Zichunguze moja moja: kizibo kimetokeza, shingo inanata, au kiwango cha waini kimeshuka kuliko wenzake wa kreti moja. Hizo zinavuja, na sukari inayotoka ni chakula cha ukungu. Zitenge, zinyweni mapema.

HATUA YA 7: Usiurudishe

Maboksi ndo adui namba moja, usihifadhi waini kwenye boksi ililokuja nalo hata kama limependeza. Makreti ya mbao yainue sentimita 10 kutoka sakafuni, shelfu zisogeze kutoka ukutani sentimita 5 mpaka 8 hewa ipite nyuma. Shelfu za chuma zina faida hapa, hazilishi ukungu. Zulia stooni hapana. Feni ndogo ya kuzungusha hewa ya humo humo ndani (sio ya kuleta ya nje) inamaliza zile kona zilizokufa.

Ukinunua mashine ya kukausha hewa angalia aina. Zile za kawaida zenye kompresa zinachoka sana joto likishuka chini ya nyuzi 15 hivi, zinaganda barafu, na stoo yako iko 13. Za aina ya kunyonya unyevu kwa kemikali kavu ndo zinafanya kazi kwenye baridi, ila zinatoa joto kwa hiyo kipoza hewa kitahangaika zaidi, jiandae na bili ya umeme. Yale makopo ya chembechembe za kunyonya maji yanafaa kabati, kwa chumba kizima ni kupoteza hela.

Kama ndo kwanza unajenga stoo ya kupozwa, nailoni ya kuzuia mvuke, unene wa milimita 0.15 au zaidi, inakaa upande wa joto wa insulesheni, yaani upande wa nje ya stoo. Mafundi wengi wanaiweka ndani kwa sababu ndo upande wanaoufikia kirahisi, na hapo mvuke unapenya insulesheni, unakutana na nailoni ya baridi, unageuka maji ndani ya ukuta ambako hutaona mpaka uanze kunusa. Simama pale siku wanapoifunga, viungo vyote vipandane na kubandikwa tepu, na tundu la kila waya na swichi lizibwe.

Baada ya kusafisha subiri wiki moja ukisoma vipimo asubuhi na jioni kabla ya kurudisha chupa zote. Rudisha chache kwanza, zile za kunywa karibuni. Vipimo vikikaa chini ya 65 hata kwenye kona, jaza shelfu. Baada ya hapo ni kuchungulia nyuma ya shelfu mara moja kwa mwezi na tochi, na kumwaga kile kikombe cha maji kwenye trei ya kipoza hewa kila msimu wa joto unapoanza.

Na siku unafungua chupa ambayo shingo yake ilikuwa na ukungu, kata foili chini zaidi ya kawaida, futa mdomo wa chupa na juu ya kizibo kwa kitambaa chenye maji safi, vuta kizibo, futa mdomo tena kwa ndani, ndo umimine. Onja kidogo kwanza. Ikinuka boksi lililolowa hiyo ni TCA, haitakudhuru ukiinywa ila kuiacha ipumue hakutaiponya, kwa hiyo fungua nyingine.